Mashine Zisizojua Matanga

Jumapili, 5 Oktoba 1997

Mimi na Obiero tumerudi kanisani tumenuniana, na nadhani nusu ya mtaa wetu wa Kaloleni imeona. Ugomvi wetu si wa mwanamke wala wa pombe. Ni wa kompyuta.

Chuo cha uhazili nilichokuwa nikifundisha kupiga chapa kilifungwa mwezi wa sita, na kiinua mgongo changu ndicho mtaji tulio nao wa kufungua ofisi ya kupiga chapa. Mume wangu anataka tununue mashine mbili kubwa kwa Joram wa Mamboleo, anayeuza kompyuta na kupiga chapa pia, zile ndefu zenye kioo cha rangi, ambazo mteja akiingia anasema huyu kweli ana ofisi. Mimi nataka tano ndogo zilizotumika, zile za kukunja kama kitabu, ambazo shirika moja la misaada linalofungasha virago litazinadi Jumamosi. Vioo vyake ni vya rangi ya majivu, na moja bawaba imevunjika. Lakini mashine moja ya Joram inakula stima kuliko taa zote za nyumba hii zikiwaka pamoja, na ndogo moja haifikii globu ya chooni. Stima ikipotea, nayo hupotea kila mawingu yakikusanyika juu ya ziwa, mashine za Joram zinabaki samani. Zangu zitafanya kazi kwa betri mbili za lori na sola moja juu ya bati. Nitaziunganisha kwa waya, moja iwe mama wa kutunza kazi zote na nyingine zichote kwake.

"Sasa hiyo ni kompyuta ama ni redio?" Obiero ameniuliza njiani. "Watu watacheka sisi, Mama Apiyo."

Nimemjibu watacheka wakiwa gizani. Ndipo tukanuniana.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua. Stima imepotea tangu saa nane mchana.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimezinunua. Joram mwenyewe alikuwa mnadani, amevaa tai, akanunua mashine kubwa tatu na kuniambia, "Mwalimu, hizo ni za watoto kuchezea." Watu wakacheka. Mimi nilizibeba zangu zote tano kwa mikono miwili, na yeye alihitaji mkokoteni.

Obiero aliponiona nikishuka nazo mlangoni alisogeza kiti anipishe. Hiyo ndiyo baraka yake, na nimeipokea.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kazi ya waya imekwisha. Waya mweusi unazunguka meza ya sebuleni ambapo zamani tulikula. Ile yenye diski kubwa ndiyo mama. Ya pili yake nimeipanga inakili kila kitu kila jioni, ili mama akipatwa na lolote tusibaki yatima. Fundi amezifungia zote betri moja kwa moja, bila kupoteza nguvu njiani, na ameniachia taa mbili ndogo juu ya meza. Jioni stima ilipopotea mtaa mzima ulizimika, nyumba yetu ikabaki inawaka. Jirani yangu Milka, niliyemfundisha kupiga chapa hadi chuo kikafungwa, alikuja kuchungulia akakaa mpaka chakula. Nimemwambia aje kila siku, nitamlipa kazi ikianza.

Mama mkwe wangu, Mama Dorca, amefika kutoka kijijini kwao Kadibo kwa ajili ya kliniki ya macho. Aliziangalia mashine kwa muda mrefu.

"Nyar Kimilili, hii kitu inakula nini?" Ndivyo aniitavyo kwa lugha yao, binti wa Kimilili.

"Inakula stima kidogo tu, Mama."

"Na kazi?"

"Inafanya yote."

Akatikisa kichwa akiridhika. "Mkubwa anakula sana na hafanyi. Mimi nilizaa wawili namna hiyo."

Obiero alijifanya hajasikia. Nilicheka mpaka machozi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Oketch, mdogo wake Obiero, amekuja. Kuna matanga kwao Kadibo, mtoto wa baba yao mdogo, na mahali pa kulala maiti hapana taa wala muziki. "Shemeji, ni hizo betri tu. Usiku moja. Jumapili nakuletea kabla kanisa haijaisha."

Nilimpa. Nilimpa kwa moyo mweupe, tena nikamkatia waya wa taa. Mtu hanyimwi kitu cha kumlaza marehemu wake. Hata kwetu Kimilili ni hivyo.

Jumatatu, 27 Oktoba

Amezileta leo, si jana. Zimekauka kabisa. Spika kubwa zilipiga mpaka asubuhi. Betri ikinyonywa mpaka tone la mwisho hairudi kuwa ilivyokuwa, nimemweleza Oketch hivyo naye akasema, "Lakini ilisaidia sana, shemeji. Watu wote walisifu wewe."

Nimefanya kazi ya leo kwa kungoja stima irudi, sawasawa na Joram.

Alhamisi, 6 Novemba

Wateja wanakuja. Karibu wote ni wa wasifu wa marehemu. Milka anapiga chapa, mimi nasahihisha, printa inalia kama cherehani. Alizaliwa, alisoma, alioa, aliugua kwa muda mfupi. Kila mmoja aliugua kwa muda mfupi, hata yule wa leo ambaye mtaa mzima ulimwona akikonda kwa miaka miwili. Sitaki kuandika zaidi ya hapo, maana hata kwenye shajara yangu mwenyewe neno lile halikubali kuandikika.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua. Redio inaiita Elnino. Mama Dorca hawezi kurudi; nyumba yake imeingia maji mpaka magotini. Anakaa kando ya meza ya mashine akimenya njugu, anasema mlio wa printa unamfanya asione upweke.

Ijumaa, 14 Novemba

Betri zimekwenda tena. Safari hii ni mjane wa ukoo wa kina Obiero, anayeishi Nyamasaria. Nilisema hapana, Obiero akasema, "Utasema hapana mbele ya mjane?" Na kweli alikuwa amesimama mlangoni na kanga kichwani. Zikaenda.

Jumanne, 18 Novemba

Leo ni siku kubwa. Amekuja Bwana Wanyonyi, afisa wa afya wa kanisa letu, mtu wa kwetu Kimilili kabisa, na suruali imekunjwa kwa matope. Anasimamia zahanati zote za kanisa kandokando ya ziwa. Kadi za chanjo za watoto zilikuwa kwenye magunia, mafuriko yamezilowesha mpaka majina yamechuruzika. Anataka zilizobaki ziingizwe kwenye kompyuta kabla hazijaoza, na baada ya hapo kila mtoto anayezaliwa aandikwe humo. Kazi ya miaka miwili. Amekwenda kwa Joram akakuta stima imepotea na Joram amelala.

Nilimwonyesha kila kitu. Nilizima swichi ya ukutani mbele yake, mashine zote tano zikaendelea kama hazikusikia. Aliinama akazifuata nyaya kwa macho mpaka kwenye betri. Kisha akasema wasiwasi wake ni mmoja: watu wa hapa kila wiki wana msiba, na msiba ukija kazi inasimama.

Nikamwambia, "Bwana Wanyonyi, mashine zangu hazijui matanga."

Alicheka sana. Akasema Ijumaa ya tarehe 23 Januari atakuja na wazee wa kamati wakae siku nzima, kuanzia asubuhi, swichi ya ukutani ikiwa imezimwa. Zikimaliza siku, kazi ni yangu.

Nimekaa hapa nikiwaza kadi hizo. Tangu Oktoba sijapiga chapa jina la mtu anayepumua. Ningependa, Mungu wangu, ningependa sana kuandika majina ya watoto walio hai.

Jumapili, 30 Novemba

Jana nilipokuwa kwenye mkutano wa akina mama, Obiero alimpa Oketch betri. Hakuniuliza. Nilirudi nikamkuta Milka amekaa mbele ya vioo vyeusi na wasifu nusu, na wenye maiti wanamsubiri.

Leo baada ya ibada nilimuuliza mume wangu kwa upole. Akasema, "Mimi ni kifungua mimba. Nikinyima watu kitu ya matanga, siku yangu nani atakuja?"

"Watakuja kula."

"Na hao wanatosha. Wewe unafikiri kuzikwa ni nini?"

Nilimwambia mimi nafikiria kuishi ni nini. Akavaa koti akatoka nje kwenye mvua. Huyu ndiye mtu niliyeacha kwetu kwa ajili yake, mpole, hajawahi kuniinulia mkono, na sasa naona upole wake wote ni woga wa ndugu zake. Mtu asiyeweza kusema hapana nje, hapana zake zote anazileta nyumbani.

Jumanne, 2 Desemba

Betri moja imekufa. Fundi ameigonga, ameinusa, amenipa pole. Nimeuza cherehani yangu nikapata nyingine.

Jumapili, 7 Desemba

Mchana tulibaki wawili, mimi na Mama Dorca. Stima haikuwepo. Taa ndogo ilikuwa inawaka juu ya njugu zake, maana macho yake siku hizi hata mchana yanadai taa. Akauliza, bila kuinua uso:

"Siku yangu ikifika, hii taa utaleta?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Nauliza tu. Watoto wangu wanapenda makelele, wataleta spika. Mimi nataka taa. Kwetu giza ni mingi, na saa hii ni maji na nyoka."

"Wewe nitakuletea mwenyewe. Hata wasiponiomba."

"Ero kamano," akasema, akaendelea kumenya. Hiyo ni asante yao. Baadaye akaongeza kwamba Oketch si mbaya, ila alizaliwa wa mwisho na hajawahi kuwa na kitu chake cha kuwapa watu, ndiyo maana anawapa vya wengine. Sikuwa nimewahi kulitazama hivyo. Nimelitazama kwa dakika chache, kisha nikakumbuka cherehani.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Wasifu wa marehemu mmoja, wa haraka. Kuku.

Jumatatu, 29 Desemba

Siku ya kura. Foleni, matope, kidole cha wino. Nimerudi nikalala.

Jumanne, 6 Januari 1998

Transfoma ya Kaloleni imelipuka kwa radi. Wanasema vipuri havipo. Sasa sola na betri ndivyo vyote nilivyo navyo, na mawingu yakizidi fundi anazipeleka betri Nyamasaria kuzijaza kwa wazazi wa Milka, ambako stima ipo.

Ijumaa, 9 Januari

Nimenunua mnyororo na kufuli. Nimezifunga betri kwenye nondo za dirisha, ufunguo uko shingoni mwangu pamoja na msalaba.

Oketch alikuja saa kumi na wenzake wawili wapakie betri. Akauona mnyororo. Alidhani ni mzaha.

"Shemeji, fungua bwana. Watu wanangoja."

"Sifungui."

"Ni matanga."

"Najua ni matanga. Lini si matanga? Tarehe ishirini na tatu nina kazi ya watoto walio hai, na betri hizi zitakuwa zimejaa siku hiyo. Nendeni mkamlaze mtu wenu kwa koroboi kama babu zenu walivyolazwa."

"Unaongea hivyo juu ya maiti?"

Hapo ulimi ukaniponyoka. Nilisema, na nilisema kwa sauti, mlango ukiwa wazi na majirani wamejaa barazani: "Wafu wenu wanakula kuliko watu walio hai. Nimechoka kuwalisha. Na wewe Oketch, usije tena kuniomba kitu katika nyumba hii, hata kama ni mimi niliyekufa."

Wale wawili waliangalia chini. Oketch alijipangusa mikono kwenye suruali, taratibu, akasema, "Sawa. Nimesikia." Wakaondoka.

Mama Dorca alikuwa pale pale kando ya meza. Alichukua sinia ya njugu akaenda chumbani, na leo hakula nasi.

Sijutii. Naandika kwamba sijutii. Kama hakuna wa kuwaambia ukweli, basi na nilaumiwe mimi mwanamke wa kuja.

Jumapili, 11 Januari

Kanisani kiti cha kando yangu kimebaki wazi. Ng'ombe haelemewi na nunduye.

Jumanne, 13 Januari

Mama Dorca ana homa. Malaria, tumempa dawa. Milka na mimi tumefanya jaribio la siku nzima: tangu asubuhi mpaka jioni, mashine zote tano, bila kutetereka. Niliimba.

Alhamisi, 15 Januari

Tumemlaza hospitalini. Wodi ina wagonjwa wawili kila kitanda. Anaongea lugha yao ya Dholuo tu sasa, Obiero ananitafsiria, na mengine hanitafsirii.

Jumamosi, 17 Januari

Mama ametutoka leo alfajiri.

Jumatatu, 19 Januari

Maiti itatoka Alhamisi kwenda Kadibo, mazishi Jumamosi. Katikati yake ni Ijumaa ya tarehe 23.

Nilikwenda kwa Bwana Wanyonyi asubuhi. Nilimwomba asogeze wiki moja tu. Alinipa pole ya kweli, akanivutia kiti. Kisha akasema wazee watatu wa kamati wamekwisha kupanga safari, mmoja anatoka Busia, na kadi zinaoza. Na akasema, si kwa ubaya, alikuwa anatabasamu kwa huzuni:

"Mwalimu Elsie, ni wewe uliniambia mashine zako hazijui matanga. Hayo maneno ndiyo nilipeleka kwa kamati."

Nimetembea mpaka nyumbani kwa miguu ili nisilie mbele ya watu.

Jumatano, 21 Januari

Nimepiga chapa wasifu wa Mama kwa mkono wangu. Obiero alikuwa akisema, mimi naandika. Alipofika kwenye ugonjwa alisema, "Andika, aliugua kwa muda mfupi." Kwa mara ya kwanza msimu huu ilikuwa kweli, na vidole vyangu vilikataa kuandika. Milka akanimalizia.

Jioni Obiero alikaa mbele ya mnyororo. Nilijiandaa kwa vita. Akasema, "Betri sikuombi. Wacha Milka afanye hiyo kazi ya Ijumaa, anajua. Wewe kuja tu kama mke wa kifungua mimba, upike. Mama angetaka upate hii kazi."

Ni hilo lililonivunja. Angeniomba ningemkatalia, na ningelala usingizi wangu wote. Lakini hakuniomba. Nimemtazama mgongo wake nikaona nilikosea kumwita mwoga. Mtu mwenye woga hawezi kwenda kumzika mama yake mbele ya ukoo wake mikono mitupu ilhali betri ziko nyumbani kwake.

Na mimi nilimwahidi Mama. Nilisema hata wasiponiomba.

Jumapili, 25 Januari

Tumerudi Kaloleni leo. Nataka niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Alhamisi Obiero alitangulia asubuhi na gari la maiti. Mimi nilibaki niwaelekeze Milka na fundi, kisha nifuate. Niliwaelekeza. Nikabeba mfuko wangu wa nguo, nikafika mlangoni. Nikarudi. Nilifungua kufuli, nikamwambia fundi asaidie kubeba. Milka aliuliza kesho atatumia nini. Nikasema kila mashine ina betri yake ndogo ya ndani, ajaribu hizo. Sote wawili tulijua zilinunuliwa zimechoka. Milka akasema, "Mama Apiyo, hii kazi ni yako. Umengoja msimu mzima." Nikamwambia sasa inangoja yenyewe. Nilimjibu vibaya, na yeye ndiye peke yake aliyekuwa akinisaidia.

Gari liliniacha barabara kuu, maana njia ya kuingia Kadibo ilikuwa imekatika. Nililipa vijana wawili wakabeba betri mabegani, mimi nikabeba taa na nyaya juu ya kichwa. Maji yalikuwa ya mapajani mahali pengine, ya kahawia, yana mabua ya mahindi na magugu ya ziwani. Nilikuwa nalia na nilikuwa na furaha, yote pamoja. Nilikuwa najiambia wataniona nikifika. Watajua. Oketch ataniona na atajua. Nitaziweka taa mbili kichwani pa Mama, bila spika, kama alivyotaka.

Jioni ilikuwa inaingia tulipokaribia boma. Nilisikia kabla sijaona: jenereta. Nikadhani ni mashine ya kusaga ya jirani. Tulipopita ua nikaona boma lote linawaka, globu zimetundikwa kuanzia lango mpaka kwenye turubai, na Mama amelala katikati, mwanga umemjaa usoni kama mchana. Watu walikuwa wengi. Walinisalimia vizuri, mmoja mmoja, kwa mkono. Hakuna aliyenikosea adabu.

Vijana wakauliza waweke wapi. Oketch alikuja. Aliziangalia betri, akaniangalia sketi yangu iliyolowa.

"Shemeji, hukuambiwa? Nilikodi jenereta. Niliuza ile ng'ombe yangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nisikuombe tena." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza njia. "Nikaona heri niuze ng'ombe kuliko kusumbua wewe. Na hiyo siku yako ya kazi si ni kesho? Tuliambiana sisi wote, mama Apiyo asiguswe."

Waliambiana. Ukoo mzima, msimu mzima nikiwaona kama kupe, ulikaa ukaambizana niachwe nifanye kazi yangu. Ng'ombe huyo ndiye kitu pekee alichokuwa nacho Oketch. Mama alisema hajawahi kuwa na chake cha kutoa, na sasa alikuwa nacho, amekitoa, na nimemlazimisha mimi.

Betri zikawekwa chini ya paa la ghala. Hazikuwasha hata globu moja. Usiku wazee wawili walizikalia. Mimi nilikwenda jikoni, nikapewa sufuria na mwiko, na nilipika mpaka Jumamosi, maana hakuna aliyekuwa na kazi nyingine ya kunipa.

Kaburi lilikuwa linajaa maji. Walikuwa wakiyachota kwa ndoo mpaka dakika ya mwisho. Nilisimama nyuma ya Obiero. Nilitaka kumwambia Mama kwamba nilileta, lakini kulikuwa na taa kila mahali, na sikujua ningemwonyesha ipi.

Jumatatu, 26 Januari

Milka amenieleza. Ijumaa wazee walikuja mapema. Alizima swichi ya ukutani isiyo na stima, kwa heshima tu, akawasha mashine zote tano kwa betri za ndani. Wakafurahi. Akawapa chai. Ya kwanza ilizimika chai ikiwa moto bado, na ya mwisho, ile mama, kabla hawajamaliza mkate. Walimshukuru kwa chai.

Milka amesema pia kwamba amepata kazi ya duka. Nimempa mkono.

Alhamisi, 29 Januari

Kazi ya kadi amepewa Joram. Walipotoka kwangu Ijumaa walipita kwake Mamboleo, na siku hiyo kwake stima ilikuwepo.

Jumatano, 4 Februari

Obiero amesogeza mashine upande mmoja wa meza, na upande mwingine tunakula tena. Hasemi kitu kibaya. Ameniuliza kama nitakunywa chai, akaipika mwenyewe.

Jumapili, 8 Februari

Nilimtumia Oketch salamu kwamba akihitaji kitu chochote aje, hata bila kuomba. Amejibu asante, na kwamba yeye yuko sawa, nisijali.

Jumamosi, 14 Februari

Jua limewaka wiki nzima, na transfoma imetengenezwa. Nimefungua mnyororo nikaurudisha dukani. Mwenye duka hakuutaka.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu, isiyo na stima, kuna matanga. Tangu mchana nasikia watu wakifunga turubai, wakiitana, wakihangaikia taa. Wamepita mlangoni kwangu mara kadhaa na nimeuacha wazi. Betri zimejaa mpaka juu. Hakuna aliyekuja kuomba.